Hivi ubovu unakuwepo kabla sijaweka mita? Swali la fundi simu kuhusu mwanga

FundiWaAggrey

Wakuu, habari za Jumapili. Mimi ni fundi simu, meza yangu ipo Kariakoo, mtaa wa Aggrey, chini ya ngazi za ghorofa moja pale. Huu mwaka wa 11. Fizikia niliishia kidato cha nne na nilipata D, kwa hiyo mtakaonijibu naomba msinirushie mahesabu ya kutisha.

Uzi huu umetokana na takataka za mezani kwangu. Skrini ya LCD ikishakufa, mimi huwa nabandua ile karatasi nyembamba ya kijivu iliyogandishwa juu ya kioo. Sisi tunaiita polaraiza. Bila hiyo karatasi skrini inawaka nyeupe tupu, picha ipo humo ndani lakini huioni. Alhamisi umeme ulikatika tangu saa nne asubuhi, mashine ya hewa moto imezima, wateja wamekaa wananiangalia. Nikachukua vipande viwili vya polaraiza nikaviweka mbele ya tochi ya simu. Vikilala mwelekeo mmoja, mwanga unapita. Geuza kimoja mpaka vikae msalaba, giza. Hilo kila fundi analijua.

Sasa dogo anayejifunza kwangu akachomeka kipande cha tatu katikati ya vile viwili, amekilaza mshazari tu, bila kufikiri. Mwanga ukarudi.

Hebu lifikirieni hilo. Vizuizi viwili vimefunga mwanga wote. Naongeza kizuizi cha tatu, mwanga unapita. Ni sawa na mageti mawili yamefungwa barabarani, halafu unajenga la tatu katikati yake na daladala zinaanza kutembea.

Usiku sikulala, nilikuwa nasoma. Nikakuta kwamba mwanga unakuja vipande vipande vinaitwa fotoni, na kwamba wakubwa wa fizikia wanabishana kuhusu vitu vidogo hivi tangu 1927, kwenye mkutano wa Brussels ambao Einstein na Bohr walikuwepo wote wawili. Kuna kundi linasema fotoni haina mwelekeo maalumu mpaka ikutane na karatasi. Hawasemi kwamba mwelekeo upo ila sisi hatuujui. Wanasema haupo.

Hapo ndipo nilipogoma.

Simu ikiletwa haichaji, ubovu upo kabla mita yangu haijagusa kitu. Kama njia ya chaji imekatika, imekatika hata mita ikiwa bado kwenye begi. Mteja akija kuniambia simu yake si nzima wala si mbovu mpaka mimi niipime, namrudishia simu yake aende nayo. Na kama kweli kupima ndiko kunakoleta hali, basi wale wanaotusema mafundi wa Kariakoo kwamba "simu ilikuja nzima, wewe ndiye umeiua" wana haki yao, na mimi siko tayari kwa hilo.

Swali langu: fotoni ina mwelekeo wake kabla ya karatasi, au haina? Kama haina, kilichotoka kwenye tochi ni nini? Nawasilisha.

KondaMsomi

Umeme umekatika siku moja umeshafika kwa Einstein. Ukikatika wiki utatuletea tarehe ya kiama. Mimi nimekaa siti ya nyuma ya dereva, wataalamu waje.

MwalimuMstaafu

Kijana, nimefundisha fizikia sekondari miaka 31, mingi nikiwa Temeke. Hiyo D ilikuonea.

Nikujibu kwa kifaa unachokijua. Zamani tulikuwa na mita za mshale. Ukiipachika kwenye saketi yenye ukinzani mkubwa, mita yenyewe inakunywa mkondo kidogo, na volti unazosoma si zile zilizokuwepo kabla hujaigusa. Kipimo kimeingilia. Kwa fotoni kuingilia huko hakukwepeki, kwa sababu huna kitu kidogo kuliko fotoni cha kuipimia. Ndiyo maana Bohr alisema usizungumzie chembe peke yake, zungumzia chembe pamoja na chombo kilichoipima. Mambo ya kabla ya hapo fizikia haisemi. Darasani nilikuwa nawaambia: piga hesabu, pata jibu, songa mbele.

Na usidhani ni nadharia ya mezani tu. Ile IC (chipu) ya memori unayoibandua kila siku inaandika taarifa kwa kupenyeza elektroni kwenye tabaka la oksidi lenye unene wa nanomita chache, tabaka ambalo kwa fizikia ya zamani elektroni hizo hazina nguvu ya kulivuka. Zinavuka. Picha za harusi za wateja wako zimehifadhiwa kwa njia hiyo.

FundiWaAggrey

Shikamoo mwalimu. Nashukuru sana, na hiyo ya memori kesho namsimulia kila mtu Aggrey.

Ila mita ya mshale ninayo moja, ya marehemu mjomba. Ni kweli inapunguza volti. Lakini inapunguza volti ambazo *zilikuwepo*. Nikijua ukinzani wa mita nakokotoa kurudi nyuma napata volti halisi za mwanzo. Kwa hiyo mwalimu, kwa heshima zote, mfano wako umenipa ushindi mimi. Kitu kilikuwepo, kipimo kikakisumbua. Mimi nauliza kama kilikuwepo.

BintiWaKijichi

Kaka, hoja yako kwa mwalimu imenifanya niache kupika. Nilisoma fizikia pale Mlimani, sasa hivi nafanya kazi na mashine za mionzi hospitalini, kwa hiyo mambo haya nayagusa kwa pembeni kila siku. Niruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Kwanza nikuvunje moyo. Karatasi zako tatu peke yake hazina maajabu ya kwantamu, yaani fizikia ya vitu vidogo kama fotoni. Wimbi la kawaida kabisa linafanya hivyohivyo. Mfano wa geti umekupoteza, maana geti haligeuzi daladala. Karatasi haizuii tu, mwanga unaotoka upande wa pili unakuwa umelala upya, unafuata karatasi hiyo. Kile cha katikati kimeulaza mwanga mshazari, na mshazari una sehemu inayoweza kupita kwenye cha mwisho. Mambo yangeishia hapo kama mwanga ungekuwa wimbi tu.

Tatizo linaanza ukipunguza mwanga mpaka fotoni zinakuja mojamoja. Wimbi linaweza kupita nusu. Fotoni haiwezi, inapita nzima au inamezwa nzima. Karatasi mbili zikiachana digrii 60, hesabu inasema kinachopita ni robo ya mwanga uliofika. Kwa fotoni mojamoja maana yake katika kila nne, kwa wastani moja inapita. Ipi? Wewe unasema kila fotoni ilishabeba jibu lake tangu kwenye tochi, sisi tu hatulioni. Kaka, hiyo ndiyo hoja ya Einstein na wenzake wawili, mwaka 1935. Upo kwenye kampani nzuri.

Kwa karibu miaka 30 ilionekana ni ubishi wa kijiweni tu, kila mtu na imani yake. Halafu 1964 John Bell, mtu wa Belfast aliyekuwa akifanya kazi CERN, kile kituo cha utafiti wa chembe kule Geneva, akaonyesha kwamba ubishi huu unapimika. Nakupa kwa lugha ya meza yako.

Tuseme kuna mafundi wawili, mmoja Mbagala, mwingine Bunju. Kila asubuhi kila mmoja analetewa simu moja, zote mbili zimetoka boksi moja. Fundi anaruhusiwa kupima kitu kimoja tu kati ya vitatu: skrini, chaji au spika. Anachagua mwenyewe, palepale, bila kupigiana simu na mwenzake. Jibu ni zima au bovu. Jioni wanakutana Kariakoo wanalinganisha daftari.

Wanagundua jambo la kwanza: kila siku ambayo wote wawili walipima kitu kilekile, majibu yamefanana. Kila siku, bila kukosa. Wewe utasema nini?

FundiWaAggrey

Nitasema simu zina ubovu unaofanana tangu kiwandani. Hakuna muujiza hapo. Mzigo mmoja, ubovu mmoja.

BintiWaKijichi

Vizuri. Maana yake kila jozi inatoka ikiwa na majibu matatu tayari, na pacha wake anayo yaleyale. Sasa angalia siku walizopima vitu *tofauti*. Majibu ni ya aina mbili tu, vitu ni vitatu, kwa hiyo lazima angalau viwili vifanane. Chukua simu yenye skrini nzima, chaji nzima, spika mbovu. Jozi za vitu tofauti ni tatu: skrini na chaji zinafanana, skrini na spika hapana, chaji na spika hapana. Moja kati ya tatu. Simu yenye vyote vizima au vyote vibovu inafanana mara tatu kati ya tatu. Jaribu upendavyo, hutapata simu inayofanana chini ya theluthi. Kwa hiyo katika siku 300 za kupima vitu tofauti, daftari lazima zikubaliane kama mara 100 au zaidi.

Sasa weka fotoni pacha, zilizozaliwa pamoja kwenye chanzo kimoja, badala ya simu, na badala ya skrini, chaji na spika weka polaraiza kwenye digrii 0, 60 na 120. Jibu sasa ni inapita au inamezwa. Mafundi wakichagua pembe moja, majibu yanafanana daima. Wakichagua pembe tofauti, yanafanana robo tu. Ile robo ya karatasi zako mbili. Mara 75 kati ya 300, wakati simu zako za kiwandani haziwezi kushuka chini ya 100.

Clauser na Freedman walipima aina hii ya jambo 1972 kule Marekani. Aspect akarudia Ufaransa 1982, akibadilisha vipimo wakati fotoni ziko njiani tayari. Mwaka 2015 kundi la Delft, Uholanzi, lilitumia elektroni zilizo ndani ya almasi mbili zilizoachana kilomita 1.3, ambayo kwa miguu ni robo saa ya kutembea, na kuziba mianya mikubwa iliyokuwa imebaki kwa pamoja. Kila safari kiwanda kinashindwa. Aspect, Clauser na Zeilinger walipewa Nobel 2022 kwa kazi hizi.

Kwa hiyo jibu fupi: ule ubovu uliokuwepo tangu kiwandani, unaokaa kimya ndani ya kila simu bila kujali fundi wa mbali anafanya nini, haupo.

MzeeWaGerezani

Wanangu, nimesoma taratibu. Sisi tuliolelewa madrasa tuna neno ghaibu. Kitu kisichoonekana kwetu hakikosi kuwepo, kipo kwenye elimu yake Mola. Huyu Bell amefuta ghaibu? Na hao mafundi wa Mbagala na Bunju, nani amewaambia wanachagua wenyewe? Huenda chaguo lao na simu zao viliandikwa pamoja siku moja.

BintiWaKijichi

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya pili ni hoja nzito kuliko unavyodhani, wapo wanafizikia wanaoishikilia hasa. Ukisema chaguo la fundi na hali ya simu vimeandikwa pamoja tangu zamani, hesabu ya Bell haina pa kukukamata. Mwaka 2018 walijaribu kuisukuma mbali: badala ya mtu kuchagua, waliachia nuru ya viini ving'avu vya galaksi za mbali sana, iliyotoka huko zaidi ya miaka bilioni 7 iliyopita, iamue nini kipimwe. Matokeo yalikuwa yaleyale. Kwa hiyo kama viliandikwa pamoja, viliandikwa kabla hata ya jua letu. Kukanusha zaidi ya hapo siwezi.

Ghaibu hajaifuta. Alichosema ni kwamba ghaibu hiyo, kama ipo, haiwezi kuwa imegawanywa vipande, cha Mbagala kikae Mbagala na cha Bunju kikae Bunju.

MzeeWaGerezani

Marahaba. Hapo nimekuelewa kuliko hutuba nyingi.

TawiLaPili

Jamani mbona mnahangaika. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa. Hugh Everett, 1957, kwenye tasnifu yake ya Princeton: wimbi la kwantamu, lile linalobeba matokeo yote yanayowezekana, halichagui. Fotoni inapita *na* inamezwa, dunia inagawanyika matawi, katika moja fundi kaona mwanga, katika jingine kaona giza. Hakuna kipimo cha ajabu, hakuna Mbagala kuipigia Bunju. Mlinganyo wa Schrödinger tu, ile hesabu ya jinsi wimbi hilo linavyokwenda, mwanzo hadi mwisho. Ndiyo tafsiri safi kuliko zote.

FundiWaAggrey

Mdogo wangu, kwa hiyo yupo mimi mwingine ambaye Alhamisi umeme haukukatika? Nilitengeneza simu ngapi? Maana kodi ya meza nadaiwa huku.

Utani pembeni, nina swali. Dada kasema katika fotoni nne inapita moja. Wewe unasema kila mara yanatokea yote mawili. Sasa kama yote yanatokea, robo ni robo ya nini?

TawiLaPili

Hapo kaka umenibana. Jibu la kawaida ni kwamba matawi hayana uzito sawa, na uzito unatoka kwenye wimbi lenyewe. Ila ukiuliza kwa nini uzito uwe ndio uwezekano wa mimi kujikuta kwenye tawi hilo, watu wa upande wetu wenyewe bado wanagombana.

MwalimuMstaafu

Nimefundisha "songa mbele" miaka 31. Leo fundi simu kanisimamisha. Binti, asante kwa kunisahihisha kwa adabu, mfano wangu wa mita ya mshale kweli unaegemea upande wa Einstein, na sikuwahi kuuona hivyo.

FundiWaAggrey

Nimerudi. Leo Jumatatu, naandikia mezani.

La kwanza, sikumwamini dada. Nimechukua boksi la skrini, nikaandika kwa maka pen simu zote zinazowezekana, zima au bovu kwa vitu vitatu. Zipo 8. Nimehesabu moja moja. Dogo naye kahesabu, akadhani kapata inayofanana mara sifuri, kumbe alikuwa amebadilisha jibu la spika katikati ya hesabu. Nikamwambia umeona, ili ushinde imebidi simu ibadilike baada ya kujua nitapima nini. Akasema "si ndiyo anachosema dada?" Nikanyamaza.

La pili, nimepima robo yenyewe. Nina programu ya kupima mwanga kwenye simu. Giza la kabati, tochi, karatasi mbili. Zikilala sawa nasoma 410. Zikiachana digrii 60 (nimetumia protrakta ya mwanangu) nasoma 106. Msalaba, 3. Ile 106 nimeiangalia muda mrefu. Najua si fotoni mojamoja, dada usinigombeze. Lakini ni namba ileile iliyomshinda Einstein, imekaa kwenye kabati Kariakoo.

Kwa hiyo nimeshindwa. Ninachotaka kujua sasa ni nimeshindwa *nini* hasa. Lazima niachie kipi?

BintiWaKijichi

Kuna njia kadhaa na kila moja ina bei. Ukimfuata Bohr, unaachia wazo kwamba fotoni ilikuwa na jibu kabla ya karatasi, na unazoea kutouliza. Ukimfuata Everett, unaachia wazo kwamba jibu ni moja. Ukifuata ya mzee, unaachia hiari ya fundi.

Halafu ipo ya David Bohm, 1952, aliyefufua wazo la de Broglie la 1927. Yeye anasema chembe ina mahali pake halisi muda wote, na kuna wimbi linaloiongoza. Kitakachotokea kimeshaamuliwa na mahali ilipoanzia. Anatabiri matokeo yaleyale kama wengine wote. Bei yake ni kwamba wimbi hilo ni moja kwa chembe zote mbili, kwa hiyo fundi wa Mbagala akigeuza karatasi yake, njia ya chembe ya Bunju inaguswa papo hapo. Huwezi kuitumia kutuma hata ujumbe mfupi, lakini inaguswa.

Hakuna jaribio hata moja leo linalotenganisha hizi zote. Mimi binafsi naelekea kwa Bohr siku za kazi.

FundiWaAggrey

Basi niandikeni kwa Bohm. Niko tayari Bunju isikie ya Mbagala. Siko tayari simu ije mezani ikiwa haina hali. Kwa mtu wa kazi yangu bei hiyo nailipa.

BintiWaKijichi

Nimekuandika. Ila soma mkataba kabla hujasaini, kaka. Kwa Bohm kitu chenye uhakika ni mahali tu. Mwelekeo wa kwenye polaraiza hata yeye anasema haukai ndani ya chembe, unatokea kwa jinsi chembe na karatasi zinavyokutana. Simu yako ina hali, lakini si lazima iwe na hali ya *kile unachokipima*.

FundiWaAggrey

Ndiyo maana sikupenda hesabu shuleni, kila ukimaliza kuna mstari mwingine.

Dogo anauliza: kipande kimoja cha katikati kimerudisha mwanga kidogo. Tukiweka vingi, kila kimoja kimegeuzwa kidogo tu kutoka kwa mwenzake, mwanga utarudi wote?

BintiWaKijichi

Mwambie dogo ameuliza swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Kwa kipande kimoja katikati, mshazari wa digrii 45, inapita robo ya mwanga uliotoka kwenye cha kwanza. Baada ya cha kwanza mkiweka 9, kila kimoja kimegeuka digrii 10 kutoka kwa kilichotangulia, cha mwisho kinakaa msalaba na cha kwanza, na inapita karibu robo tatu. Vikiwa vingi zaidi na hatua ndogo zaidi, unakaribia wote. Hiyo ni kwa karatasi zisizokula mwanga wenyewe. Zenu za simu zinakula, kila moja kidogo, kwa hiyo mtapata chini ya hapo.

FundiWaAggrey

Skrini tisa zilizokufa zipo. Dogo ameshaanza kubandua.